Bwawa linalovuja na turubai lake: nifanye nini kabla theluji haijaanza?

Mgeni wa Columbus aliandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Ninaishi viungani mwa Columbus, jimbo la Ohio, na mwaka jana mimi na mke wangu tulinunua nyumba yenye bwawa la kuogelea uani. Sote wawili tumekulia Morogoro, na kwetu bwawa la namna hii lilikuwa kitu cha kukiona hotelini, kwa hiyo atakayenijibu asichoke kunieleza hata yale anayodhani kila mtu anayajua.

Bwawa lenyewe limechimbwa ardhini. Lina urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 4.9, kuta zake ni za chuma, na ndani limevikwa ngozi ya vinyili. Tangu Juni limekuwa likipoteza maji. Mwanzoni nilidhani ni jua, lakini sasa tuko Oktoba, asubuhi ninakwangua jalidi kwenye kioo cha gari, na bado maji yanashuka kama sentimeta mbili na nusu kwa siku. Kila jioni ninafungulia mpira wa maji na kufidia kilichopotea, jambo ambalo najua sitaweza kulifanya Januari.

Kinachonitia hofu zaidi ni turubai. Majira ya baridi yaliyopita nililifunika bwawa kwa turubai la kijani aliloliacha mwenye nyumba aliyetangulia, lile zito lisilopitisha maji, nikalikandamiza pembeni kwa mifuko ya maji, na mifuko ilipokwisha nikaongezea matofali ya zege. Mwezi Februari, baada ya mvua kunyesha siku mbili juu ya theluji, niliamka nikakuta katikati pamezama kama bakuli, upande mmoja umechomoka, na mifuko mitatu pamoja na matofali mawili vimetumbukia ndani. Maji yaliyokuwa chini ya turubai yalikuwa yameshuka sana, na sasa ninashuku kwamba bwawa lilikuwa likivuja tangu wakati huo bila mimi kujua.

Jirani yangu ananishauri nilimwage bwawa lote, nilifunike likiwa tupu, kisha nishughulikie uvujaji majira ya kuchipua, kwa hoja kwamba bwawa lisilo na maji haliwezi kuvuja. Mwingine ananiambia niweke pampu ndogo juu ya turubai na kuiacha ikifanya kazi muda wote. Je, ushauri huu unafaa? Na kama sitaweza kuziba uvujaji kabla maji hayajaganda, nitalilindaje turubai?

Fundi Mstaafu alijibu:

Mwanangu, pole kwa yaliyokupata Februari. Nilifunga na kufungua mabwawa Pennsylvania kwa miaka 19, na kabla ya hapo nilikuwa mtunzaji wa bwawa katika hoteli moja ya Nyali, Mombasa, kwa hiyo nimeona uvujaji wa nchi zote mbili. Naomba univumilie, kwa sababu jibu langu litakuwa refu.

Kwanza, usilimwage. Jirani yako ana hoja ya kuchekesha, lakini ukiifuata itakugharimu bwawa zima. Kuta zako za chuma zinasukumwa na udongo kutoka nje na maji kutoka ndani, na nguvu hizo mbili ndizo zinazoshikana. Ukiyaondoa maji ya ndani, udongo uliolowa ukaganda na kuvimba, ukuta unaweza kupinda kuelekea ndani. Ngozi ya vinyili nayo, ikikosa maji ya kuikandamiza, husinyaa kwa baridi na kuwa ngumu, ikachomoka kwenye reli yake ya juu, na kuirudisha ni kazi ambayo mara nyingi huishia kwa kununua mpya. Maji ya ardhini yakiwa juu, yataiinua kutoka sakafuni kama puto. Hata kule Nyali, ambako hakuna theluji, hatukuthubutu kumwaga bwawa la zege wakati wa masika, kwa sababu maji ya ardhini yalipanda na kulisukuma kutoka chini. Kanuni ni ileile, baridi inaiongezea ukali tu.

Pili, elewa kilicholizamisha turubai lako. Watu wengi hudhani kwamba turubai linashikiliwa na mifuko iliyo pembeni. Mifuko kazi yake ni kuzuia upepo usiingie chini na kulipeperusha. Kinacholibeba turubai, pamoja na mvua na theluji yote iliyo juu yake, ni maji ya bwawani. Piga hesabu kidogo: bwawa lako lina eneo la mita za mraba zinazokaribia 48, kwa hiyo sentimeta moja ya maji juu ya turubai ni karibu kilo 475. Sentimeta kumi za mvua na theluji iliyoyeyuka zinakaribia tani tano. Chini yake pakiwa na maji, uzito huo unaelea na hakuna shida. Maji ya chini yakishuka nusu mita, tani hizo zinaning'inia kwenye kitambaa, nacho hakina hiari ila kuvuta kingo zake zote kuingia ndani. Ndiyo maana nasema turubai lako halina ugonjwa wa kwake, ugonjwa ni wa bwawa.

Kwa hiyo kazi ya wiki hizi mbili ni kutafuta mahali panapovuja, nayo haihitaji gharama. Jaza ndoo maji ya bwawani, iweke kwenye ngazi ya bwawa ili izame nusu, weka alama ya kiwango cha maji ndani ya ndoo na nje yake, kisha usubiri saa 24. Kilichopungua ndani ya ndoo kimekwenda na hewa, na bwawa likiwa limepungua zaidi ya hapo, hiyo tofauti ndiyo inayovuja. Fanya hivyo siku moja pampu ya bwawa ikiwa inazunguka na siku nyingine ikiwa imezimwa. Ikiwa maji yanapotea zaidi wakati pampu inazunguka, shuku mabomba yanayorudisha maji bwawani, kwa kuwa humo ndimo maji hupita kwa nguvu.

Ukishamaliza hilo, zima pampu, acha kuongeza maji, na ubandike utepe ukutani kila asubuhi mahali maji yalipofika. Maji yenyewe yatakuonyesha. Yakikoma kwenye mdomo wa skima, yaani kile kisanduku cha ukutani kinachovuta majani, basi una bahati, kwa sababu wakati wa kufunga bwawa tunashusha maji chini ya mdomo huo kwa vyovyote, na tundu lililo juu ya maji halivujishi kitu hadi utakapojaza tena. Yakikoma kwenye matundu ya kurudishia maji, vivyo hivyo. Yakikoma kwenye taa iliyo ndani ya ukuta wa bwawa, utakuwa umempata mshukiwa wa kila siku. Yasipokoma popote, tatizo liko kwenye ngozi yenyewe au kwenye tundu la kutolea maji lililo sakafuni mwa bwawa. Usiyaache yashuke kupita kiasi, hata hivyo: upande wa kina kifupi ukibakiwa na maji yasiyofika magotini, simamisha jaribio na ujaze.

Na kagua sakafu mahali matofali yale mawili yalipotua. Mifuko ya maji ikianguka haidhuru kitu, ila tofali la zege likitua kwa kona yake, hukata vinyili kama kisu. Mwaka huu tumia mifuko peke yake, na usiijaze mpaka ikakaza, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia tisa na mfuko uliokaza hupasuka. Robo tatu inatosha.

Dada wa Ontario alijibu:

Naungana na Mzee kwa yote aliyosema, na ninaongeza moja kuhusu pampu ya juu ya turubai, kwa sababu mimi iliniponza.

Turubai langu lilikuwa na vitundu vidogo ambavyo sikuviona, pengine vilitokana na matawi. Niliweka pampu katikati, nikaiwasha, nikaenda kazini. Niliporudi jioni ilikuwa bado inamwaga maji kwenye nyasi, nami nikafurahi kwamba inafanya kazi vizuri. Kumbe nilikuwa ninalimwaga bwawa langu mwenyewe! Kila pampu ilipoondoa maji ya juu, maji ya bwawani yalipanda kupitia vile vitundu kuchukua nafasi yake, na turubai likawa linashuka taratibu pamoja na kiwango cha maji. Siku ya tatu lilikuwa limelala kwenye ngazi.

Tangu hapo huwa ninatazama rangi ya maji yanayotoka mwishoni mwa mpira. Maji ya mvua yaliyokaa juu ya turubai na majani yaliyooza huwa ya kahawia, kama chai ya rangi. Yakianza kutoka meupe na kuendelea hivyo hivyo bila kupungua, ujue ni ya bwawani, na uzime pampu mara moja. Kwako wewe, ambaye bwawa lako tayari linavuja, kuiacha pampu ifanye kazi muda wote bila mtu wa kuitazama ni kuongeza tundu jingine.

Ila kutoiweka kabisa pia si salama. Maji yaliyotuama juu ya turubai ni hatari kwa mtoto mdogo na kwa mbwa, na mtu akiteleza humo turubai humfunika badala ya kumbeba. Kama mna watoto, hakikisheni geti la uani linafungwa wakati wote, hata wakati wa theluji.

Vitundu vya turubai huzibwa kwa utepe maalumu wa kuzibia maturubai. Lianike siku yenye jua, lioshe, likauke kabisa, kisha ubandike pande zote mbili. Likinyanyuliwa na watu wawili dhidi ya jua, hata tundu la ncha ya msumari utaliona.

Mgeni wa Columbus aliandika, siku kumi baadaye:

Shikamoo Mzee, na dada yangu asante sana. Nimefanya kama mlivyonielekeza na ninaleta majibu.

Ndoo ilipungua milimita mbili, bwawa likapungua sentimeta mbili na nusu, na hapakuwa na tofauti yoyote kati ya siku ya pampu kuwaka na siku ya kuzimwa. Nikaacha maji yashuke huku nikibandika utepe. Yalipita skima bila kusita na kupita matundu ya kurudishia maji vilevile. Yalipofika chini kidogo ya duara la taa yakapunguza mwendo ghafla, kutoka sentimeta mbili na nusu kwa siku hadi nusu sentimeta tu, lakini hayakukoma. Hilo lilinichanganya hadi usiku, mke wangu alipouliza kama haiwezekani yakawa matundu mawili.

Jana nilijaza tena hadi juu ya taa, nikasubiri maji yatulie kabisa, nikavuta rangi ya chakula ya buluu kwenye bomba la sindano na kuiachia taratibu karibu na kingo za taa. Mara ya kwanza ilielea tu kama moshi. Nilipoisogeza upande wa juu kulia, ikajikusanya ikawa uzi mwembamba, ukaingia nyuma ya taa na kupotea. Niliita watu wote wa nyumbani waje kuona.

Kisha nikavaa miwani ya kuogelea na nguo nzito ya mpira niliyoazima, nikazama upande ambako matofali yalianguka. Pale kuna mkato wenye umbo la mwezi mchanga, urefu wake haufiki kidole kimoja, na ukiugusa unasikia mchanga chini yake. Nikautilia rangi, nayo ikamezwa. Maji yana nyuzi joto 12, kwa hiyo sikukaa muda mrefu. Sasa nizizibeje sehemu hizi mbili, na nitaweza kweli katika baridi hii?

Fundi Mstaafu alijibu:

Marahaba mwanangu. Mpe mkeo pongezi zangu, maana ameona kile ambacho mafundi wengi hukipita. Tundu la taa ndilo kubwa na la sakafuni ndilo dogo, lakini kwa majira ya baridi hilo dogo ndilo baya zaidi, kwa sababu lile la taa lingekoma lenyewe maji yakifika chini yake, na hili la sakafuni halina mwisho.

Anza na sakafu. Kata kiraka cha vinyili kinachozidi mkato kwa sentimeta tano kila upande, na ukikate kwa duara kwa sababu kona ndizo huanza kubanduka. Paka gundi inayoshika ndani ya maji, kikunje kama chapati ili gundi isisuguke ukishuka nacho, kikunjue juu ya mkato, kandamiza kutoka katikati kwenda nje ili kutoa maji, kisha uweke juu yake mfuko wa mchanga laini. Kwa baridi hiyo gundi inakauka polepole, kwa hiyo mfuko ukae siku mbili au tatu, si saa mbili. Usiyamwage maji ili upate sehemu kavu, kiraka cha chini ya maji kinatosha.

Kwenye taa, zima umeme kwenye kikata umeme cha nyumbani na uhakikishe umezimika kabla hujagusa chochote. Kwa kawaida taa inashikwa na skrubu moja ya juu. Ukiifungua, taa inatoka pamoja na waya wake uliokunjwa nyuma, nao ni mrefu wa kutosha kuifikisha hadi ukingoni bila kupunguza maji. Usiijaribu kuiwasha ikiwa nje ya maji, kwa kuwa taa hizi hupozwa na maji na itaungua. Nyuma ya tundu utaona bomba ambamo waya unaingia kwenda kwenye kisanduku cha umeme, na mara nyingi humo ndimo maji hukimbilia. Kanda gundi ya epoksi ya chini ya maji kama unga wa andazi, uishindilie kuzunguka waya hadi bomba lijae. Wakati uko hapo, kaza skrubu za fremu inayoibana ngozi ya vinyili, kwa kuwa uzi wako uliingilia juu kulia na huenda mpira wa kuzibia wa hapo umelegea. Kaza kwa kupokezana, moja upande huu na nyingine upande wa pili, kama unavyokaza nati za gurudumu. Ukiona umeme unakutatiza hata kidogo, mwite fundi umeme, usione haya.

Baadaye rudia jaribio la ndoo. Likipita, funga bwawa kama kawaida: pulizia mabomba kwa kompresa hadi maji yote yatoke, yazibe kwa vizibo vya mpira, mimina antifrizi ya mabwawa, yaani dawa ya kuzuia maji yasigande, si ile ya gari ambayo ni sumu, na ndani ya skima weka chupa tupu iliyofungwa ili barafu ibonyeze chupa badala ya kuupasua ukuta wa skima. Maji yaache chini kidogo ya mdomo wa skima. Yasishuke zaidi ya hapo.

Mla Barafu alijibu:

Samahani kwa kuingilia mwishoni. Niko Minnesota na nina turubai la wavu, lile linalofungwa kwa mikanda na springi kwenye bolti zilizozama kwenye sakafu ya nje inayozunguka bwawa. Kwa mtu ambaye hana uhakika na bwawa lake, mimi naliona bora, kwa sababu mvua na theluji iliyoyeyuka hupenya na kufidia sehemu ya kinachovuja, na hakuna maji ya kupampu. Kasoro yake ni kwamba majira ya kuchipua maji huwa ya kijani zaidi. Hata hivyo nalo linategemea maji: maelekezo ya langu yalisema maji yasiwe zaidi ya sentimeta 45 chini ya ukingo, la sivyo theluji nzito huvuta bolti.

Kama utabaki na la kijani, kila wiki mbili nyanyua kona moja upime kwa rula kutoka ukingoni hadi kwenye maji. Chini ya turubai hakuna jua wala upepo, kwa hiyo maji yakishuka ni uvujaji, usijidanganye. Yakishuka sentimeta tano, ongeza siku hiyohiyo ambayo halijoto iko juu ya sifuri. Kwa bwawa la ukubwa wako hizo ni karibu lita 2,400, yaani mpira wa kawaida utachukua zaidi ya saa moja. Usisubiri barafu iwe nene, kwa kuwa maji yakishuka chini ya barafu, bamba lile hubaki likining'inia na baadaye huanguka kwa kishindo. Ukimaliza, chomoa mpira kwenye bomba la nje, umwage maji yake na uuingize ndani, vinginevyo utapasua bomba lililo ndani ya ukuta wa nyumba. Theluji iliyo juu ya turubai iache kama ilivyo. Koleo na nyundo ya kuvunjia barafu zimetoboa maturubai mengi kuliko matawi.

Mgeni wa Columbus aliandika:

Kiraka kimekaa siku tatu chini ya mfuko wa mchanga na epoksi imekuwa ngumu kama jiwe. Ndoo imepungua milimita moja na nusu, bwawa limepungua milimita mbili. Turubai tumelianika Jumamosi, mimi upande mmoja na mke wangu upande mwingine, tukahesabu vitundu kumi na vinne, na utepe uliisha kwenye cha kumi na moja. Utepe mwingine utafika Jumanne. Matofali nimempa jirani, anajengea bustani.